Mti na Chombo Chake

Jina bonsai limeundwa kwa maneno mawili ya Kijapani. La kwanza maana yake ni sinia, au chombo cha kina kifupi. La pili maana yake ni kupanda. Kwa hivyo bonsai si jina la mti wa namna fulani, kama mwembe au mkwaju ulivyo na jina lake. Ni jina la hali. Ni mti uliopandwa chomboni, ukatunzwa humo mpaka ukafanana na mzee wa msituni, ilhali aghalabu kimo chake hakizidi mkono wa mtu. Msonobari waweza kuwa bonsai, mreteni waweza, na mkwaju na mbuyu wetu huweza pia. Kisichoweza kukosekana ni chombo. Ukiondoa chombo, mti hubaki mti, lakini jina la bonsai huondoka.

Madhali chombo ni nusu ya jina, si ajabu kuwa watu hubishana juu yake. Siku hizi wako wapandao miti hii katika birika bovu, katika kiatu kikuukuu, katika kikombe cha chai, hata katika sanduku la televisheni iliyokwisha kufa, kisha wakaiweka mbele ya watu itazamwe. Wengine husifu na kusema kuwa sanaa imepata pumzi mpya. Wengine hukunja uso na kusema kuwa kitu cha heshima kimefanyiwa mzaha. Ugomvi huu huonekana kuwa ugomvi wa macho, yaani juu ya kipendezacho na kisichopendeza. Mimi naona kuwa ndani yake mna swali zito zaidi, nalo ni swali la maadili. Mtu ana haki gani juu ya kiumbe hai alichokitia mkononi mwake, na haki hiyo huishia wapi? Insha hii yajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya chombo.

Sanaa hii haikuanza Japani. Katika kaburi la mwanamfalme Zhanghuai, wa ukoo wa Tang nchini China, lililojengwa mwaka 706, mna picha ukutani ya watumishi waliobeba vyombo vyenye mimea na mawe madogo, mfano wa mandhari iliyopunguzwa. Wachina huiita sanaa yao penjing. Huko Japani, picha za mkunjo ziitwazo Kasuga Gongen Genki, za mwaka 1309, zaonyesha miti midogo ndani ya vyombo. Tangu zamani, basi, mti huu ulikuwa kitu cha kubebwa na kuonyeshwa. Mti wa shambani huendewa. Mti wa chomboni huletwa. Tofauti hii ni ndogo kwa maneno, lakini ni kubwa kwa maana, kwa sababu kiletwacho kimo katika amri ya mwenye kukileta.

Karne nyingi za kubeba na kuonyesha zilizaa kanuni. Vyombo vilivyopendwa vilikuwa vya udongo uliochomwa, kama vile vitokavyo Yixing nchini China na Tokoname nchini Japani. Msonobari na mreteni hupewa chombo kisichong'arishwa, cha rangi ya kahawia au ya udongo wenyewe. Mti wa maua au wa majani yapukutikayo waweza kupewa chombo chenye rangi na mng'ao. Kina cha chombo hukaribia unene wa shina pale linapoingia udongoni, na urefu wake huwa kama theluthi mbili za kimo cha mti. Nia ya kanuni hizi zote ni moja, kwamba chombo kisiseme kwa sauti kuliko mti. Chombo hupewa kazi ya mwenyeji mwema, ambaye humkaribisha mgeni, humpa mahali pa kuketi, kisha hunyamaza ili mgeni asikike.

Kabla ya kuvijia vyombo visivyo vya desturi, hapana budi kulijibu pingamizi moja liendalo kwenye mzizi wa jambo. Wako wasemao kuwa chombo chochote, kiwe cha desturi au cha ugeni, ni dhuluma. Mti, husema, uliumbwa uwe mrefu. Mtu ameufupisha kwa njaa na kuupinda kwa waya, na kisha aita mateso hayo uzuri. Pingamizi hili lina huruma njema, lakini halina habari kamili. Bonsai njema haifi njaa. Mti wenye njaa hauna nguvu za kuponya jeraha la mkasi wala za kuchanua. Hupewa mbolea kwa majira, na wakati wa joto hunyweshwa kila siku, pengine mara mbili kwa siku. Udogo wake watokana na kupogolewa matawi na mizizi. Kila baada ya muda mti hutolewa chomboni, sehemu ya mizizi yake hukatwa, nao hurudishwa katika udongo mpya ili mizizi michanga ipate kuota. Mti mchanga wa majani yapukutikayo huweza kufanyiwa hivyo kila mwaka mmoja au miwili. Msonobari mzee huweza kungoja miaka mitano au zaidi. Wala asili ya mti haikubadilishwa. Ukiupanda ardhini leo, utaianza tena safari yake ya kurefuka.

Walakini pingamizi hilo limepita karibu sana na jambo la kweli. Mti wa ardhini waweza kusahauliwa mwaka mzima usione dhara, kwa maana mizizi yake hujitafutia. Bonsai ndogo itoshayo kiganjani, ikisahauliwa siku moja ya jua kali, yaweza kukutwa jioni imekauka. Mwenye chombo ameuondolea mti uwezo wa kujitafutia, akauchukua uwezo huo yeye mwenyewe. Hapa ndipo deni lilipozaliwa. Kosa la mwenye bonsai, likiwapo, si kuufupisha mti. Ni kuufanya umtegemee, kisha yeye asitegemeke. Tangu saa ile mti unapotiwa chomboni, kila kiu yake huwa ni neno la kujibiwa na mtu.

Sasa na tuvitazame vyombo visivyo vya desturi. Viko vya namna mbili: vilivyoletwa na haja, na vilivyoletwa na werevu. Vya haja twavijua sana katika miji yetu. Uani kwa watu, Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, utaona debe la mafuta, kopo la maziwa, ndoo iliyopasuka au sufuria iliyotoboka, na ndani yake mrehani, mpilipili au waridi. Hakuna aitaye jambo hilo sanaa, wala hakuna alionyeshaye kwa fahari. Lakini mtazame apandaye. Kabla hajatia udongo, huchukua kopo, hulipindua, akalitoboa kitako kwa msumari. Anajua kuwa kopo liliundwa ili lisivuje, na mmea wataka kinyume chake. Kwa hivyo hulibadili kopo liufuate mmea. Hauamuru mmea ulifuate kopo. Katika tundu lile la msumari mna hoja yote ya insha hii.

Vyombo vya werevu ni habari nyingine. Huchaguliwa ili mtazamaji ashangae. Mshangao wenyewe si dhambi. Sanaa isiyomshangaza mtu hata kidogo imekwisha kuwa mazoea. Ni haki ya msanii kukitazama kiatu kikuukuu akaona ndani yake bonde, au kulitazama birika akaona ndani yake jabali. Swali langu si kama mshangao unaruhusiwa. Swali ni nani alipaye gharama yake. Naye asiyejua namna chombo kinavyoweza kuutoza mti gharama hataweza kulijibu, kwa hivyo yatupasa kushuka mpaka mizizini. Kule chini mti una haki tatu.

Haki ya kwanza ni kwamba maji yapate kutoka. Wengi hudhani kuwa chombo kifupi hukauka upesi, na kwa hivyo hakihitaji matundu. Jambo la kukauka ni kweli, lakini hukumu ni ya makosa. Udongo, baada ya kunyweshwa, huyazuia maji katika sehemu yake ya chini kwa kimo kile kile, chombo kiwe kirefu au kifupi. Kwa ajili hii, katika chombo kifupi sehemu kubwa zaidi ya udongo hubaki imelowa chepechepe. Ndiyo sababu watunzaji hawatumii udongo laini wa bustani. Hutumia chembe nene, kama za akadama, udongo mgumu wa Japani, pamoja na mawe mepesi ya volkano, ili kati ya chembe na chembe pabaki nafasi ya hewa. Kikombe kizuri kisicho na tundu hugeuka kisima. Mizizi huzama, hukosa hewa, na huoza. Juu, majani hubaki ya kijani kwa siku kadhaa, na mtazamaji husifu uhai wa kitu ambacho kimeanza kufa.

Haki ya pili ni kwamba mwili wa chombo usiudhuru mwili wa mti. Bati jembamba likipigwa na jua huupasha moto udongo uliomo, na mizizi ya miti mingi huanza kuumia joto likikaribia nyuzi 40. Shaba huziumiza ncha za mizizi. Hata wenye vitalu huitumia kwa makusudi kuizuia mizizi isizunguke ndani ya vyombo. Kioo hupitisha mwanga mahali ambapo mizizi hutaka giza. Chombo kidogo mno huachilia unyevu wake wote kwa muda wa saa chache. Yote haya yana dawa. Chuma huweza kuwekwa kivulini, shaba huweza kutiwa kizuizi ndani yake, kioo huweza kufunikwa. Lakini dawa hutafutwa na yule tu aliyejiuliza. Ubaya wa chombo hauonekani kwa mtazamaji aliye mbele yake. Huonekana kwa mzizi ulio ndani yake.

Haki ya tatu ni njia ya kutokea, na hii ndiyo isahauliwayo kuliko zote. Nimesema kuwa mti hauna budi kutolewa chomboni kila baada ya muda. Chombo chenye mdomo mpana hutoa mti kama mkono utokavyo katika mkono wa kanzu. Lakini chombo chenye tumbo pana na mdomo mwembamba, mfano wa mtungi au birika, hupokea mti ukiwa mchanga na kukataa kuurudisha ukiwa mkubwa. Mizizi hujaza tumbo, shina huwa nene kuliko mdomo, na mwenye mti hufika siku ya kuchagua: avunje chombo, au auachie mti unyongeke. Aliyenunua mtungi wa thamani hushawishika kuuhurumia mtungi. Siku ile ndipo mtu ajulikanapo alikuwa akipenda nini. Chombo kisicho na mlango wa kutokea si nyumba. Ni gereza lenye nakshi.

Chombo kikizitimiza haki hizi tatu, mimi sioni haki ya mtu mwingine kukikataa kwa sababu ya ugeni wake tu. Wahafidhina husema kuwa desturi yakataza. Walakini desturi yenyewe, ukiisoma vizuri, ni pana kuliko waitetea wake. Ndani yake mna miti iliyopandwa juu ya jiwe, ikashikamana nalo kwa mizizi bila ya chungu chochote, na mna miti iliyokaa juu ya bamba la mwamba lisilo na ukingo. Kila kimojawapo kilikuwa kigeni siku ya kwanza. Wala sisi wa pwani hatuna sababu ya kukistaajabia chombo kilichoacha kazi yake ya kwanza. Huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, wazee wetu walipachika sahani na bakuli za China katika makaburi. Kilichofinyangwa ili kipakuliwe chakula kilifanywa pambo la waliokwisha kula riziki yao. Hakuna aliyesema kuwa bakuli limetukanwa, kwa sababu lilipewa heshima kubwa zaidi ya ile liliyoiacha.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanaujua mgogoro huu kwa jina jingine. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, akaeleza vina na mizani kama fundi aelezavyo vipimo vya chombo kilichojaribiwa na vizazi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyofungwa na vipimo hivyo. Mabishano makali yalizuka, na kila upande ulisema kuwa unautetea uhai wa ushairi. Sitaki kuyafufua hapa. Nataka kusema tu kuwa pande zote mbili zingaliweza kukutana katika swali moja: je, kilichomo ni hai? Shairi lenye vina kamili laweza kuwa kaburi la wazo, na shairi lisilo na kina hata kimoja laweza kuwa kopo lisilotobolewa. Umri wa chombo si ushahidi wa wema wake wala wa ubaya wake.

Nimenena habari za kupanda. Sasa ninene habari za kuonyesha, maana hapo ndipo moyo wa mtu hujaribiwa zaidi. Bonsai ni mti, na mti wa nje hutaka jua, upepo na umande. Haukuumbwa kukaa chumbani. Katika nyumba za Kijapani za mtindo wa zamani mna pahali paitwapo tokonoma, kidaka kilichoinuliwa kidogo ukutani, ambapo mti huwekwa juu ya kimeza chake, pengine na picha ya mkunjo nyuma yake na mmea mdogo pembeni. Huwekwa siku chache kwa ajili ya mgeni au majira, kisha hurudishwa nje. Maonyesho makubwa yaitwayo Kokufu-ten, yaliyoanza Tokyo mwaka 1934, nayo huwa na muda wake mfupi, na aghalabu hufanywa mwezi wa Februari, wakati miti mingi imelala kwa baridi. Ona adabu iliyomo. Mti huja kwa watu kwa saa yake, nao watu huurudishia maisha yake. Kuonyesha ni kuazima. Na mwenye kuazima kitu hukirudisha kabla hakijachakaa.

Kwa kipimo hiki na tupime onyesho moja lililosifiwa sana katika zama zetu. Mwezi wa Julai 2014, Azuma Makoto, msanii wa Japani, aliutia msonobari wa umri wa miaka 50 katika fremu ya chuma, akaurusha kwa puto kutoka jangwa la Black Rock, Nevada, Marekani, mpaka kimo cha zaidi ya kilomita 25. Kamera zilizofungwa pamoja nao zilipiga picha: mizizi ikining'inia hewani, nyuma yake weusi wa anga, na chini yake mviringo wa dunia. Chombo cha mti siku ile kilikuwa mbingu. Sikanushi kuwa picha zile hutikisa moyo. Mtetezi wake aweza kusema kuwa hakuna hotuba iliyopata kueleza vizuri zaidi udhaifu wa uhai katika ulimwengu usio na hewa wala maji, na kwamba mti mmoja uliwafunza watu wengi kuipenda dunia waliyoizoea. Hoja hii si nyepesi. Lakini miaka 50 ya kunyweshwa ilipelekwa mahali ambapo hakuna mti uwezao kuishi, wala mti haukuwa na haja ya kufika huko. Sisi tulipata picha. Mti ulilipa nauli. Mimi nikipewa kuhukumu, nasema kuwa kazi ile ni nzuri na si ya haki, na kuwa uzuri wake hauondoi deni lake.

Yamkini msomaji ataniuliza: je, mti haupaswi kutolewa sadaka kamwe kwa ajili ya mtu? Wajapani wenyewe wana jibu katika mchezo wao wa kale wa Noh uitwao Hachi no Ki, yaani miti ya vyunguni. Wasimulia juu ya askari maskini, Sano Tsuneyo, aliyenyang'anywa ardhi yake. Alibakiwa na miti mitatu ya chomboni aliyoipenda: mplamu, mcheri na msonobari. Usiku mmoja wa theluji alifikiwa na mtawa msafiri. Hakuwa na kuni za kumwotesha moto mgeni. Basi aliikata ile miti mitatu akaichoma ili mgeni apate joto. Mtawa yule, kumbe, alikuwa Hojo Tokiyori, aliyekuwa mtawala wa nchi, naye baadaye alimlipa Tsuneyo mashamba matatu ambayo majina yake yalibeba mplamu, mcheri na msonobari.

Tuyaache malipo, hayo ni ya mchezo. Tulitazame tendo. Tsuneyo aliiua miti, na hakuna amlaumuye. Kwa nini basi tumsamehe mwenye kuchoma na tumlaumu mwenye kuotesha mti katika kikombe kisicho na tundu? Tofauti ni hii. Tsuneyo alitoa kitu kilichomuuma. Pigo la shoka lilipokata mti, lilikata na furaha yake mwenyewe. Na alilolinunua kwa bei ile lilikuwa joto la mtu aliyekuwa akitetemeka. Lakini mwenye kuutia mti katika chombo kiuuacho, ili asifiwe kwa werevu, hutoa kisicho chake akapokea kilicho chake. Uhai ni wa mti, sifa ni zake. Sadaka ni jina zuri, lakini halimfai mtu atoaye cha mwingine.

Hapa ndipo habari ya mti inapotoka bustanini ikaja mezani petu. Tuna methali isemayo, "Samaki mkunje angali mbichi," na nyingine isemayo, "Udongo uwahi ungali maji." Methali hizi ni za kweli, na mtunza bonsai angezikubali, maana waya hufungwa kwenye kitawi kingali laini. Walakini zasema juu ya wakati wa kukunja. Hazisemi juu ya nia ya kukunja. Zamwambia mkunjaji lini. Hazimwambii kwa faida ya nani. Mzazi, mwalimu na mtawala, kila mmoja wao ana mkononi kiumbe laini kuliko kitawi. Shule ni chombo, na chuo kikuu ni chombo, tena vyombo vinavyopenda kuonyesha vilivyomo. Siku za mahafali miti yetu husimama mbele ya wageni ikiwa imepogolewa vizuri. Yafaa tujiulize yale yale tuliyouliza kwa kikombe. Je, mna tundu la kutokea yale yasiyohitajiwa, yaani hofu na makosa, au yote hubaki ndani yakaozesha mzizi? Je, ukuta wetu wenyewe, kwa ukali wake au kwa majivuno yake, haumchomi aliyemo? Je, mdomo wa chombo ni mpana kiasi cha kumtoa mwanafunzi akiwa mkubwa kuliko alivyoingia, hata akiwa mkubwa kuliko mwalimu wake? Mwalimu anayekasirika mwanafunzi anapomkanusha kwa hoja amesahau kuwa yeye alikuwa chungu tu. Na chungu chema hufurahi siku kinapokuwa kidogo mno.

Wako watakaosema kuwa nimeupa mti heshima nyingi, na kuwa mti hauhisi. Huenda hauhisi kama tuhisivyo sisi. Lakini hoja yangu haikusimama juu ya maumivu ya mti. Imesimama juu ya mtu. Mkono uliozoea kukitumia kisichoweza kulalamika hauchagui siku moja kuwa mpole kwa kiwezacho. Tabia hujifunza katika vitu vidogo, mahali ambapo hakuna shahidi wala adhabu, na mti ndani ya chombo ni mahali pa namna hiyo. Hakuna mahakama itakayomshitaki mtu kwa bonsai iliyooza. Ndiyo sababu bonsai ni kipimo kizuri cha mtu.

Huko Washington, katika Makumbusho ya Taifa ya Bonsai na Penjing, mna msonobari mweupe wa Kijapani ambao malezi yake yahesabiwa tangu mwaka 1625. Tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomiki lilipoangushwa juu ya Hiroshima, mti huo ulikuwa nyumbani kwa ukoo wa Yamaki, kadiri ya kilomita 3 kutoka mahali pa mlipuko. Ukuta uliukinga, nao ulisalimika. Mwaka 1976, Masaru Yamaki aliutoa uwe mmoja wa miti 53 iliyopewa Marekani na Japani, Marekani ilipotimiza miaka 200. Kwa robo ya karne watu walipita mbele yake wakaona mti mzuri tu. Ndipo mwaka 2001 wajukuu wa Yamaki walipokuja kuutazama, na habari ya Hiroshima ikajulikana pale.

Nawaza sana juu ya ukimya ule wa miaka 25. Kama palikuwapo mti uliostahili chombo cha kushangaza, ni huo; ungaliweza kupandwa katika kofia ya askari au katika ganda la bomu, na dunia yote ingalikusanyika kuutazama. Aliyeutoa aliuacha katika chungu cha kawaida, akauita mti, akampa mtu wa nchi iliyoangusha bomu aunyweshe maji. Sisemi kuwa ganda la bomu lingalikuwa haramu. Nasema kuwa Yamaki hakuhitaji mti wake useme kwa ajili yake. Aliyeupanda mwaka 1625 hakumwona Yamaki, na Yamaki alijua kuwa hatamwona atakayeunywesha baada ya miaka mia. Kila mmoja aliupokea ukiwa hai, akauachilia ukiwa hai.

Kwa hivyo atakaye kuupanda mti wake katika birika, na aupande. Lakini kwanza achukue msumari. Kisha aupime mdomo wa birika lile, ajue siku ya kuuvunja itafika au haitafika, na kama itafika, aamue mapema atavunja nini.